WALTER BRATTAIN: MCHUNGA NG'OMBE ALIYETULETEA TRANSISTA

Leo nawaletea habari za mtu ambaye kazi yake imo kwenye kila redio hapa Kiloleli, lakini jina lake hata sisi mafundi wengi hatulijui. Anaitwa Walter Brattain. Mimi ni fundi wa redio na TV, na nimeona nimlete kwa sababu spea feki zinatumaliza huku Simiyu, na maisha ya mzee huyu yana funzo kubwa juu ya jambo hilo.

Brattain alizaliwa tarehe 10 Februari 1902 mjini Amoy, China, ambako baba yake, Mmarekani, alikuwa akifundisha. Familia ikarudi Marekani yeye akiwa bado mtoto mchanga, na baadaye ikahamia kwenye shamba la mifugo karibu na Tonasket, jimbo la Washington. Huko ndiko alikokulia, akiswaga ng'ombe akiwa juu ya farasi. Sisi Wasukuma tunaelewa malezi hayo: mchungaji haambiwi idadi ya ng'ombe, anawahesabu mwenyewe wakiingia zizini.

Alisoma chuo cha Whitman, akaendelea Oregon na Minnesota, akapata shahada ya udaktari wa fizikia mwaka 1929. Mwaka huohuo akaajiriwa na maabara za Bell, zilizokuwa chini ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Enzi hizo redio na mitambo ya simu ilitumia valvu za kioo, zinakula umeme mwingi, zinapata moto, halafu zinaungua. Bell walitaka kitu kidogo na kigumu zaidi.

Baada ya vita kuu ya pili, kazi hiyo ikapewa kundi lililosimamiwa na William Shockley. John Bardeen alikuwa mtu wa nadharia na hesabu, Brattain mtu wa mikono na mita. Utaalamu wake ulikuwa kwenye uso wa semikondakta, yaani ile ngozi ya juu kabisa ya madini kama silikoni na jerimani.

Sasa sikilizeni hii. Desemba 1947 Brattain alikuwa na kipande cha jerimani alichoamini kina utando juu yake unaozuia umeme. Kumbe wakati wa kukiosha, ule utando ulishaondoka na maji. Dhahabu aliyoiweka juu ikawa inagusa jerimani moja kwa moja. Vipimo vikaja tofauti na alivyotarajia. Mwingine angekasirika akatupa kila kitu. Yeye alikubali mita inachosema, na hapo hapo njia ikafunguka. Akachukua kipande cha plastiki chenye pembe, akakizungushia karatasi ya dhahabu, akaikata ncha yake kwa wembe, kisha akaikandamiza kwenye jerimani kwa springi. Tarehe 16 Desemba ikakuza umeme. Tarehe 23 wakubwa wa maabara wakaonyeshwa sauti ikikuzwa bila valvu. Ndiyo transista ya kwanza hiyo, wadau.

Mwaka 1956 Brattain, Bardeen na Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ila Shockley hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi, na Brattain aliomba ahamishiwe kundi jingine. Alistaafu Bell mwaka 1967, akarudi kufundisha Whitman, chuo chake cha zamani. Alifariki tarehe 13 Oktoba 1987 akiwa na miaka 85.

Inajulikana kwamba hakupendezwa na transista kutumika kupiga muziki wa rock kwa kelele, ila alifurahia redio ndogo kuwafikia watu wa hali ya chini. Kwetu zilifika kweli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 Tanzania, vikundi vijijini vikisikiliza redio na kujadili. Kwa valvu, redio za betri zingekula umeme mwingi.

Sasa turudi mezani kwangu. Transista feki ni uongo wa usoni: jina zuri limeandikwa juu, ndani kitu kingine. Kuna siku nililetewa BU508D mpya kwa ajili ya TV ya chogo ya mteja. Herufi D maana yake ina dayodi ya ulinzi ndani. Koili inayotembeza mwanga kwenye kioo hurudisha umeme kinyume, na dayodi ile huupa njia. TV iliyotengenezwa kuitegemea ukiiwekea transista isiyo nayo, inaungua.

Sikuifunga kabla ya kupima. Mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu emita, mweusi kolekta. Yenye dayodi husoma karibu nusu volti. Ile haikusoma kitu. Beisi na emita nako, yenye D ina rezista ndogo ndani, mita husoma ohmu makumi machache pande zote mbili. (Vijana wengi wakiona hivyo hudhani imepiga shoti, wanatupa kifaa kizima!) Ile haikuwa na rezista. Nikairudisha, TV ya mtu ikapona.

Za amplifaya kama 2SC5200 ni ngumu zaidi, maana feki nayo inasoma vizuri kwenye mita, ila inaungua ukiongeza sauti. Ikiungua, ipasue ulinganishe na halisi iliyokufa: feki mara nyingi ina kipande kidogo sana cha silikoni ndani. Maandishi yakifutika kwa thina, ogopa.

Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wafanye kazi yao. Lakini transista moja moja inayofika Kiloleli mfukoni mwa mtu, mkaguzi wake ni fundi. Mteja aliyeuza debe la mpunga atengeneze redio hana pesa ya kulipa mara mbili.

Mzee Brattain alishika dhahabu na jerimani kwa mikono yake, na bado hakuamini macho mpaka apime. Sisi tunaonunua kwenye kifuko cha nailoni tuna sababu gani ya kuamini maandishi? Mafundi wenzangu, mnazitambuaje feki huko kwenu? Tupeane ujuzi.

Nawasilisha.