Robert Koch: Daktari aliyewafichua vijidudu, haraka yake ikapofusha watu Ziwa Victoria

Mfugaji wa Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, anayajua kwa majina: kimeta, ndigana kali, homa ya papasi, malale na kifua kikuu. Mengine yanaua ng'ombe, mengine yanaua watu, na mengine hayachagui.

Yote matano yalipita chini ya hadubini ya mtu mmoja. Anaitwa Robert Koch, daktari Mjerumani aliyefika Afrika Mashariki mara kadhaa kati ya 1897 na 1907, na katika safari ya mwisho akapita Mwanza.

Ndiye aliyeonyesha kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu chake, na akaweka utaratibu wa kulithibitisha hilo. Lakini huyohuyo, alipotafuta dawa, mara mbili aliharakisha. Mara ya pili bei ililipwa na watu wa visiwa vya Ziwa Victoria.

Daktari wa wilaya mwenye hadubini nyumbani

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal, Ujerumani. Alisoma udaktari Göttingen na kuhitimu 1866. Baadaye akawa daktari wa wilaya huko Wöllstein, mji mdogo ambao leo uko Poland.

Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na wagonjwa wa mchana kutwa, chumba nyumbani na hadubini. Kazi yenyewe ilimfuata: kimeta kilikuwa kinamaliza kondoo na ng'ombe wa wakulima wa eneo lake.

Wakati huo wataalamu wengi bado waliamini magonjwa hutokana na hewa mbaya au uchafu tu. Vijiti vidogo vilikuwa vimeshaonekana kwenye damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta, ila hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwa ndivyo vinavyoua.

Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa na kumchanjia panya. Panya akafa, na damu yake ikawa imejaa vijiti vilevile. Akatoa kwa huyo akampa mwingine, na mwingine tena. Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili wa mnyama, na bado viliua.

Akagundua na jambo la pili. Mazingira yakiwa mabaya, vijidudu vya kimeta hujifungia ndani ya ganda gumu na kuwa spora, zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Kumbe ndiyo maana malisho yanaweza kuonekana salama kabisa, halafu siku moja mifugo inaanza kudondoka. Na ndiyo maana mpaka leo wafugaji huambiwa wasimchune wala kumla mnyama aliyekufa ghafla.

Matokeo hayo aliyatoa 1876. Daktari wa wilaya akawa jina kubwa, na 1880 akahamia Berlin.

Kanuni za kumshika mhalifu

Huko Berlin, Koch na wenzake walijenga utaratibu unaofanana na upelelezi. Kwanza, kijidudu kipatikane kwa mgonjwa. Pili, kitolewe na kukuzwa peke yake, bila kuchanganyika na vingine. Tatu, kikiingizwa kwa mnyama mzima, kimletee ugonjwa uleule. Nne, kipatikane tena kwa huyo mnyama.

Kwa njia hiyo, Machi 24, 1882, alitangaza kuwa amekinasa kijidudu cha kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikuwa unachukua karibu mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa, na wengi waliuona kama balaa la ukoo. Koch alionyesha ni bakteria, na kwamba njia yake kubwa ni makohozi ya mgonjwa. Tarehe hiyo ndiyo leo inaadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka uliofuata alikwenda Misri kisha India kuufuatilia ugonjwa wa kipindupindu, na akakiunganisha kijidudu chake na maji machafu.

Dawa ya siri iliyogeuka

Kufikia 1890 dunia ilikuwa inasubiri kitu kimoja tu kutoka kwake, yaani dawa. Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari Berlin, alitangaza kuwa amepata kitu kinachozuia kijidudu cha kifua kikuu kukua. Baadaye kiliitwa tuberkulini. Hakusema kimetengenezwa na nini.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Madaktari nao wakaja, akiwemo Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye alirudi akitahadharisha watu wasikimbilie kushangilia.

Koch alikuwa amejidunga mwenyewe. Saa chache baadaye akapata homa kali, kutetemeka, kikohozi na kubanwa pumzi. Wagonjwa wa kifua kikuu walipodungwa, hata kwa kiasi kidogo sana, hali ilikuwa hivyohivyo au mbaya zaidi. Baadhi walikufa. Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti Berlin, alionyesha kuwa sindano haikuwa imeviua vijidudu, na pengine ilivisambaza mwilini.

Mwaka 1891 siri ikatoka: tuberkulini ilikuwa majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye vijidudu vya kifua kikuu vyenyewe, yakachanganywa na gliserini. Haikuponya.

Mwili unapopigana kupita kiasi

Swali likabaki. Kama majimaji yale hayakuwa na kijidudu hai, homa ilitoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye jaribio la Koch mwenyewe, alilolifanya kwa simbilisi, wanyama wadogo wa maabara. Simbilisi mzima akidungwa vijidudu vya kifua kikuu, kidonda hutokea baada ya siku 10 hadi 14, na hakiponi. Lakini yule ambaye tayari ana maambukizi akidungwa tena, ngozi huwaka na kufa palepale ndani ya siku moja au mbili, kisha kidonda hupona.

Maana yake ni kwamba mwili ulikuwa unakumbuka. Seli za kinga zilizokwisha kukutana na adui zilimtambua mara ya pili na kumvamia kwa nguvu kubwa. Vurugu hiyo ndiyo huleta uvimbe, homa, na wakati mwingine kuharibu nyama ya mwili wenyewe. Kwa mtu mwenye kifua kikuu mapafuni, sindano ya tuberkulini ilikuwa kama kuwasha moto kwenye nyasi kavu.

Mwaka 1906, daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliipa jina tabia hiyo ya mwili kubadilika baada ya kukutana na kitu. Jina lake la kigeni ndilo limezaa neno aleji, ambalo kwa Kiswahili tunaliita mzio. Mwaka uliofuata von Pirquet alionyesha kuwa tone la tuberkulini kwenye mkwaruzo wa ngozi linaweza kumtambua mtu mwenye maambukizi. Mfaransa Charles Mantoux akaiboresha njia hiyo 1908: sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono, kisha uvimbe unapimwa baada ya saa 48 hadi 72.

Basi dawa iliyoshindwa ikawa kipimo, na bado kinatumika duniani.

Papasi wa vibanda vya misafara

Koch alianza kuzunguka Afrika. Mwishoni mwa 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka iliyokuwa inafyeka ng'ombe. Mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, makao ya utawala wa Wajerumani.

Huko aliona vimelea vidogo kwenye damu ya ng'ombe akadhani ni ugonjwa wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye, akiwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alikubali kwamba ni ugonjwa tofauti. Ndio huu tunaouita ndigana kali, unaoletwa na kupe.

Mwaka 1905 alirudi na kufuatilia homa inayopona kisha inarudi. Kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, wasafiri walilala kwenye vibanda vya sakafu ya udongo. Koch alichimbua udongo ule akakuta papasi, na ndani ya papasi akakuta kijidudu cha homa hiyo. Akakikuta mpaka kwenye mayai yao. Papasi mama huwarithisha watoto, hivyo nyumba inaweza kubaki na ugonjwa hata wakazi wakihama.

Wakati huohuo Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walikuwa wamefikia jambo hilohilo Kongo. Dutton aliugua homa hiyo na kufa mwaka huo wa 1905.

Koch yeye alirudi Ulaya salama, na Desemba akapewa Tuzo ya Nobel.

Sese, 1906

Mwaka 1906 alitumwa tena, safari hii kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Serikali ya Ujerumani iliogopa kupoteza nguvu kazi ya koloni lake.

Koch alifika Mwanza, lakini wagonjwa aliowataka kwa utafiti hawakutosha pale. Kwa ruhusa ya Waingereza akavuka hadi visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akajenga kambi. Habari zikasambaa kuwa kuna mzungu anatibu malale, na wagonjwa wakaja kwa mamia, wengine wakibebwa.

Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye arseniki. Mwanzoni ilionekana muujiza: vimelea vilitoweka kwenye damu na tezi, watu waliolala wakaamka. Kisha vikarudi. Koch akaongeza kipimo.

Hapo macho yakaanza kuzimika. Wagonjwa 22 walipofuka moja kwa moja, kwa sababu dawa ilikuwa imeunguza mishipa ya macho yao. Koch alirudisha kipimo chini, ila kwa hao 22 ilikuwa imeshachelewa. Na dawa yenyewe haikuweza kuviua vimelea vilivyokwisha kuingia kwenye ubongo.

Mtu aliyedai hatua nne za ushahidi kabla ya kukishitaki kijidudu hakuwa amedai hata nusu yake kabla ya kuongeza sumu kwenye miili ya watu. Hao watu hawakuwa na nafasi ya kumuuliza.

Alipoondoka 1907, alishauri misitu ya mbung'o ifyekwe, mamba wauawe kwa kuwa mbung'o hunyonya damu yao, na wagonjwa wakusanywe kwenye makambi. Makambi hayo yalijengwa upande wa Wajerumani, yakiwemo ya Kigarama karibu na Bukoba na Shirati, mkoani Mara ya leo. Wagonjwa wengi waliyatoroka.

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa kwenye taasisi yenye jina lake Berlin.

Kilichobaki Simiyu

Malale hayakuondoka naye. Mwaka 1922 yalilipuka Maswa, jirani na Meatu, na mpaka leo mbung'o wapo kwenye mapori yanayopakana na wilaya hizo.

Urithi wake mwingine ni wa kila siku. Mtu wa Mwandoya akikohoa wiki mbili, akapewa kikopo cha makohozi kwenye kituo cha afya, kinachotafutwa humo ni kijidudu kilekile cha Machi 24, 1882. Kovu dogo la chanjo ya BCG lililo begani kwa mtoto linatokana na kinga ya mwili kupambana pale sindano ilipoingia.

Na kila dawa mpya inayopimwa taratibu, kwa vipimo vidogo, mgonjwa akielezwa na kuridhia kwanza, inafuata njia ambayo watu 22 wa Sese hawakupewa. Majina yao hayajulikani kama lake.