Galton na Nukta Zake

Haifai mwalimu amfundishe mwanafunzi wa aljebra kuchora grafu ya mtawanyiko bila ya kumtajia Francis Galton. Wala haifai amtaje kwa sifa tupu.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1822 karibu na Birmingham, Uingereza, katika ukoo wa kitajiri. Charles Darwin alikuwa binamuye. Alianza kusomea udaktari, akauacha, akaenda Cambridge kusoma hisabati. Babake alipofariki mwaka wa 1844, alimrithisha mali iliyomwezesha kuishi bila ya kuajiriwa na mtu. Kati ya 1850 na 1852 alisafiri katika nchi ambayo leo ni Namibia, vyombo vya kupimia mkononi, na tangu hapo hakuacha kupima kila kilichopimika.

Mwaka wa 1886 alichapisha utafiti kuhusu vimo vya wazazi na watoto wao waliokwisha kukua, watoto 928 kwa jumla. Kimo cha kila mwanamke alikizidisha kwa 1.08 ili kilinganishwe na vya wanaume, kisha akatafuta wastani wa baba na mama. Alichora jedwali: kimo cha wazazi upande mmoja, cha watoto upande wa pili, na katika kila kijumba akaandika idadi ya watoto walioangukia hapo. Nukta azichorazo mwanafunzi leo ni ndugu wa tarakimu zile. Akagundua kwamba wazazi wakizidi wastani kwa inchi 3, watoto wao huuzidi kwa inchi 2 hivi tu. Mwinamo wa mstari, basi, ni theluthi mbili.

Hapo pana mtego. Yamkini msomaji akadhani kuna nguvu inayowavuta watoto hadi siku moja watu wote walingane. Lakini jedwali lilo hilo likisomwa kinyume, watoto warefu mno nao huonekana kuwa na wazazi ambao, kwa wastani, hawauzidi wastani kwa kiasi kile. Nani atadai kwamba mtoto amemvuta babake? Ni kwamba vipimo viwili huandamana bila ya kufuatana kikamilifu, basi. Galton mwenyewe aliliona hilo. Nukta huonyesha uhusiano. Sababu yake sharti itafutwe kwingine.

Laiti angalikuwa na tahadhari iyo hiyo alipowahukumu watu! Mwaka wa 1873 aliliandikia gazeti la The Times barua akipendekeza Wachina wapewe makao katika pwani ya mashariki ya Afrika, ili hatimaye wachukue nafasi ya Waafrika, ambao aliwaona duni. Pwani hiyo, mpenzi msomaji, ni yetu. Hakutoa jedwali lolote. Miaka 10 baadaye aliibuni yujeniki, ile itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae, ambayo iliwatesa wengi katika karne iliyofuata.

Alitunukiwa cheo cha usa mwaka wa 1909, akafariki 1911. Mwaka wa 2020, chuo cha University College London kililiondoa jina lake katika ukumbi wa mihadhara. Katika vitabu vya takwimu, mstari wake ungali unachorwa.