MKONO WA MTU
Habari za maisha ya Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Bwana Msa

Mtu akifa ghafula katika vijiji vyetu, haupiti usiku wa pili wa matanga kabla neno fulani halijanong'onwa kando ya moto. Neno lenyewe twalijua sote, maana lasemwa hapa Mvumi kama lisemwavyo Kimamba, Rudewa na Kilosa mjini: hapa kuna mkono wa mtu. Asemaye hivyo hana maana ya mkono ulioshika kisu, wala mkono uliotia sumu chakulani. Ana maana ya uchawi. Na neno hilo likishatoka kinywani halirudi tena. Litazunguka nyumba kwa nyumba, mpaka litue mlangoni pa bibi mmoja mjane akaaye peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa sababu hiyo, nao hawakuwa na kosa lolote ila uzee wao.

Katika toleo hili tumeonelea vema tuwaletee habari za mtu aliyelishika jambo hilo akalitungia hadithi, tena hadithi tamu ambazo msomaji hazitui chini mpaka taa iishe mafuta. Naye ni marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Wengi wetu tulikutana na vitabu vyake shuleni. Tulimjua Bwana Msa na kiko chake, tukamjua na rafiki yake Najum, lakini mtu aliyewaumba wawili hao hatukumwuliza habari zake. Basi leo tumwulize.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Makunduchi ni mji unaojulikana hata huku bara kwa sherehe za Mwaka Kogwa, na ni mahali ambapo mambo ya wazee wa zamani hayajasahauliwa. Mtoto aliyekulia huko alizisikia habari za mizimu na mashetani kama watoto wetu wa Ukaguru na Usagara walivyozisikia za kwao. Twayasema haya mapema kwa sababu yatatufaa mbele.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa katika idara ya afya. Kazi yake ilikuwa ile ambayo huku kwetu twamwita mwenye kuifanya bwana afya. Wazee watakumbuka jinsi mabwana afya walivyokuwa wakiogopwa. Bwana afya huingia uani asipoalikwa. Hutazama kisima, hutazama choo, hufunua mtungi, huinamia kifuu cha nazi kilichojaa maji ya mvua aone kama mna viluwiluwi vya mbu. Akiambiwa kwamba homa imeletwa na shetani, habishani na mtu. Huuliza tu maji ya kunywa yatoka wapi, na nani aliugua kwanza, na alilala wapi. Muhammed Said Abdulla aliifanya kazi ya namna hiyo kwa muda wa miaka 10. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba kijana yule alikuwa akijifunza utunzi. Lakini sisi tukivisoma vitabu vyake leo twaona wazi kuwa chuo chake cha kwanza kilikuwa pale, kwenye visima na nyua za watu.

Mwaka 1948 aliiacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti lililoitwa Zanzibari. Katika miaka 10 iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa magazeti mengine matatu, nayo ni Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Ndugu zetu wanaokumbuka siasa za Unguja za miaka ile watashangaa wakiyasikia majina hayo yakitajwa pamoja, maana Al Falaq lilikuwa gazeti la jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa likiwasemea Waafrika. Ilikuwa miaka ya ubishi mkali. Jambo moja likitokea mjini asubuhi, kufika jioni lilikwisha kuwa mambo mawili, kila upande na lake. Mtu aliyekaa katika vyumba vya habari vya namna hiyo hawezi kukosa kujifunza kwamba kisa kimoja kina wasimuliaji wengi, na kwamba msimuliaji aliye mwepesi wa kusema si lazima awe ndiye msema kweli.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lililombadilisha. Shirika la vitabu la East African Literature Bureau, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kuwapatia watu wa Afrika Mashariki vitabu vya kusoma, lilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Muhammed Said Abdulla alipeleka hadithi yake, ikapata zawadi ya kwanza. Iliitwa Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Mwandishi alikuwa mtu mzima wa miaka 42.

Ili tuone uzito wa jambo hilo yafaa tukumbuke hali ya vitabu vyetu siku zile. Hadithi za Kiswahili zilikuwa nyingi, lakini sehemu kubwa zilikuwa ngano za sungura na fisi, au hekaya za wafalme na majini, au tafsiri za vitabu vya Kiingereza kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Mwaka 1934 James Mbotela wa Freretown karibu na Mombasa, mtaa wa watumwa waliokombolewa uliokuwa chini ya misheni ya kanisa letu la Anglikana, alikuwa ameandika Uhuru wa Watumwa. Shaaban Robert wa Tanga naye alikuwa akiandika vitabu vyake vya hekima. Lakini hadithi ndefu ya watu wa siku hizi, wenye kuvaa kama sisi na kusema kama sisi, iliyojengwa juu ya uhalifu na upelelezi, ilikuwa kitu kigeni.

Na hadithi yenyewe yahusu nini? Tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, akutwa ameuawa mahali penye mzimu. Mahali penyewe patosha kumfanya mtu mwoga afunge shauri palepale: aliyekufa kwenye mzimu ameuawa na mzimu, basi na tuzike. Inspekta Seif wa polisi aingia kazini, na pamoja naye yuko raia mmoja mtulivu, mvuta kiko, Bwana Msa. Huyu si askari, hana bunduki, wala hapigi mtu makofi ili aungame. Yeye hutazama na kuuliza. Hulisikiliza neno dogo ambalo mwenziwe amelipuuza, akaliweka moyoni mpaka lipate la kufanana nalo. Hatutaki kuwamalizia utamu wale ambao hawajakisoma. Tuseme tu kwamba kweli palikuwa na mkono wa mtu, lakini kwa maana yake ya asili: mtu mwenye nyama na damu, mwenye sababu zake, aliyetegemea hofu ya wenzake imfunike.

Wasomaji wa vitabu vya Kiingereza watauliza kama Bwana Msa si Sherlock Holmes aliyevishwa nguo za Unguja. Ni kweli kwamba kiko na rafiki wa kusafiri naye vimetoka huko. Sherlock Holmes aliandikwa na Arthur Conan Doyle, ambaye naye hakuanza kwa kuandika. Alikuwa daktari, na hadithi yake ya kwanza ya Holmes ilitoka mwaka 1887. Alipokuwa akisoma udaktari Edinburgh alikuwa na mwalimu, Joseph Bell, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa akiingia mlangoni akaitambua kazi yake kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo daktari wa Uingereza na bwana afya wa Unguja walifika mahali pamoja kwa njia zinazofanana. Wote wawili walikuwa wamefundishwa na kazi zao kutafuta chanzo cha ugonjwa badala ya kukisia. Lakini mbegu ya kuazima huota kwa udongo wa mwenye shamba. Watu wa Muhammed Said Abdulla ni watu wa Unguja, mambo yao ni ya Unguja, na Kiswahili chao ni kile kitamu cha huko, chenye mafumbo na utani, ambacho walimu wetu walikuwa wakikitoa kuwa mfano.

Mtu angedhani kwamba baada ya zawadi hiyo aliacha kazi akaketi kuandika tu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akaendelea nalo kwa miaka 10 mingine. Katika muda huo Unguja ilipata mapinduzi ya mwezi wa Januari mwaka 1964, na mwezi wa Aprili visiwa vikaungana na Tanganyika. Yeye alikuwa kazini katika habari za kilimo. Kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule aliostaafu. Jina hilo nalo latoka katika hofu za watu, kwa maana Giningi ni mahali pa wachawi panaposimuliwa katika hadithi za pwani. Kwa mara ya pili alikuwa amekwenda kusimama mahali pale pale ambapo wengine hukimbia.

Kustaafu kwake kulikuwa mwanzo wa kazi. Mwaka 1973 kilitoka Duniani Kuna Watu, mwaka 1974 Siri ya Sifuri, mwaka 1975 Mke Mmoja Waume Watatu, na mwaka 1976 Mwana wa Yungi Hulewa. Vitabu vinne kwa miaka minne, kutoka kwa mtu ambaye wenziwe wa rika lake walikuwa wamekwisha kukaa barazani. Cha mwisho kilikuwa Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Twalipenda jina hilo. Baada ya kumsifu mpelelezi wake kwa zaidi ya miaka 20, mwandishi alikubali kuandika juu ya jalada, mahali pa wote kuona, kwamba hata mwenye akili nyingi hukosa. Alifariki mwaka 1991.

Hatusemi kwamba hakupata lawama. Wahakiki wengine walinena kwamba vitabu vyake vilikaa mbali na siasa wakati nchi nzima ilikuwa ikijadili siasa, na kwamba Bwana Msa habadiliki toka kitabu hata kitabu. Pengine wana haki. Waliomfuata walikwenda njia zao: Faraji Katalambulla aliyeandika Simu ya Kifo mwaka 1965, na baadaye kina Elvis Musiba, ambao hadithi zao zina mbio na risasi zaidi. Hata hivyo yeye ndiye aliyetangulia kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kumweka msomaji macho usiku kucha kwa fumbo la akili tu, bila risasi nyingi wala matusi, hata kitabu kikawekwa mikononi mwa watoto wa shule bila mzazi kuona haya.

Sasa, ndugu zetu, habari hizi zatuhusu nini sisi wa Mvumi?

Kwanza, wako vijana wetu wanaotamani kuandika, nao hukata tamaa wakiona wamefika miaka 25 na daftari ni tupu. Na watazame maisha haya. Mtu huyu alimaliza shule akiwa na miaka 20, akawa mhariri alipofikia miaka 30, akapata zawadi karibu na miaka 40, akastaafu akiwa na miaka 50, na ndipo vitabu vyake vingi vikatoka. Wala hakupoteza muda. Kila kazi aliyoifanya ilimpa kitu cha kuandika. Anayepima pamba, anayefundisha darasa la pili, anayekata tiketi katika basi, wote wanaona mambo ambayo mtu wa chumbani hayaoni.

La pili ni zito zaidi. Msiba mwingine utakuja, maana haukosi kuja, na neno lile litanong'onwa tena kando ya moto. Siku hiyo twaomba mmoja wetu awe na ujasiri wa kuuliza maswali ya bwana afya. Marehemu aliugua tangu lini? Alipelekwa hospitali, au alikawizwa nyumbani? Alikula nini? Nani alimwona mara ya mwisho? Na huyu anayemtaja bibi jirani, ana ugomvi gani naye wa mpaka wa shamba? Maswali hayo hayarudishi uhai wa aliyekufa. Lakini yaweza kuuokoa uhai wa mwingine, ambaye usiku ule amejifungia ndani, akiisikiliza minong'ono inakuja upande wa nyumba yake.

Mwisho tuna ombi. Katika nyumba za mtaa wetu bila shaka mna nakala za Mzimu wa Watu wa Kale zilizobaki tangu siku za shule. Mwenye nayo asiiache iliwe na mchwa juu ya dari. Aitoe, aikung'ute vumbi, ampe jirani aisome, na akimaliza wakutane jioni wazungumze habari zake.