Mboya wa Ziwani alikuwa bwana afya kwanza

Jina la Thomas Joseph Mboya linapotajwa, wengi wetu humkumbuka waziri hodari wa kusema na mtu aliyewapeleka vijana Marekani kwa ndege kusoma mwaka 1959. Wachache hukumbuka kwamba kazi iliyomleta Nairobi ilikuwa ya bwana afya. Mimi naona kwamba tukisahau hilo, tumesahau nusu ya mtu mwenyewe.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kuanzia 1948, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja alipokuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, aliingia bibi mmoja wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu. Mwafrika aliyesimama mbele yake hakuwa mtu machoni pake!

Wakaguzi Waafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wenzao Wazungu. Mwaka 1952 Mboya aligeuza chama cha watumishi Waafrika wa baraza kuwa chama halisi cha wafanyakazi. Huo nauita ubunifu: kutwaa chombo dhaifu na kukipa makali. Katika miaka hiyo ya hamsini aliishi Ziwani, jirani na Kariokor, katika nyumba za baraza zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika.

Alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Serikali ilitoa Waraka Nambari 10 wa 1965, ulioweka uhuru dhidi ya maradhi miongoni mwa malengo ya taifa. Mwaka uliofuata ikaundwa hazina ya bima ya hospitali, NHIF, iliyodumu hadi 2024, ilipochukuliwa nafasi na mamlaka mpya ya SHA.

Leo mwananchi hujisajili kwa bima hiyo kwa simu ya mkononi. Teknolojia hiyo naisifu. Lakini, msomaji, je, simu yaweza kuzibua mtaro wa majitaka? Bima hulipa baada ya mtoto kuugua kipindupindu. Bwana afya huzuia asiugue. Tangu 2013 usafi na ukaguzi wa vyakula umo mikononi mwa kaunti, na hapo ndipo bajeti yapasa kutazamwa kwanza, kabla ya majumba ya hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, alipokuwa akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi. Tangu 2011 sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na mahali hapo. Ni kazi njema ya sanaa, nayo yatukumbusha mwanasiasa. Bwana afya hana sanamu. Kumbukumbu yake ingefaa kuwa mtaro usioziba na maziwa yaliyopimwa, kuanzia Ziwani alikoishi hadi kila mtaa wa Eastlands.