Jemadari Lettow-Vorbeck na Panga Zilizorudishwa Jasin

Wasomaji wapenzi, pwani yetu ya Tanga imepitiwa na watu wengi wenye sifa, na mmoja ambaye wazee walimtaja sana ni Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wadachi katika vita vya mwaka 1914 hata 1918. Twasimulia habari za maisha yake, na katika kusimulia tutaviangalia vitu vibakiavyo mikononi mwa watu vita viishapo: upanga, hati, kipande cha nguo. Kwa vitu hivyo vidogo hujulikana nani aliheshimiwa na nani alisahauliwa.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, mwana wa ofisa wa jeshi la Prussia. Alilelewa katika shule za jeshi, akajifunza desturi za maofisa wa zamani. Kwao upanga ulikuwa kama neno la heshima la mtu. Ofisa aliyeutoa kwa adui alikuwa amekiri kushindwa. Na kama adui alimrudishia, ilikuwa ishara kwamba amehesabiwa kuwa mwungwana ingawa ameshindwa.

Mwaka 1900 alipelekwa Uchina. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo leo Namibia, akatumika chini ya jemadari von Trotha katika vita juu ya Waherero na Wanama. Huko aliumizwa jicho moja, lisipone tena. Katika vita vile Waherero maelfu kwa maelfu walifukuzwa jangwani wakafa kwa kiu, na mwaka 2021 Serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Yafaa tulikumbuke jambo hili tusikiapo sifa za uungwana wake.

Alifika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1914, na mwaka ule ule vita vikaanza. Tarehe 2 Novemba merikebu za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga, zikichukua askari wapata 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, chini ya jemadari Aitken. Wakashushwa Ras Kasone. Lettow-Vorbeck alileta kombania zake kwa reli kutoka Moshi, naye alikuwa na watu wapata 1,000 tu. Tarehe 4 walipigana katika mashamba na katika njia za mji. Nyuki nao walichokozwa na risasi, wakatoka mizingani wakawashambulia watu. Siku ile alikufa Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, yule aliyepigana zamani na Mkwawa wa Uhehe.

Waingereza walishindwa, wakarudi merikebuni, wakaacha pwani bunduki mamia, bombom 16 na risasi 600,000, pamoja na nguo na mablanketi mengi. Vyote vilikusanywa, na jeshi la Wadachi likavaa na kupiga kwa mali ya adui. Tarehe 5 ofisa Mwingereza, Meinertzhagen, alikuja na bendera nyeupe kuwaletea majeruhi dawa, akapokewa kwa adabu na kulishwa.

Miezi miwili na zaidi ikapita. Waingereza wakaja tena, sasa kwa nchi kavu kutoka Mombasa, wakashika Jasin karibu na mpaka, penye mashamba ya mkonge. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck aliwashambulia kwa kombania tisa. Jua lilikuwa kali na kiu kubwa. Raghbir Singh, mkuu wa askari wa Kashmir, aliuawa akilinda boma. Upande wa Wadachi maofisa wengi walianguka, hata Hammerstein, rafiki wa jemadari. Yeye mwenyewe alijeruhiwa mkononi. Asubuhi ya tarehe 19 risasi za bomani zikaisha, bendera nyeupe ikapandishwa.

Basi maofisa wawili Waingereza, kapteni Hanson na kapteni Turner, waliletwa mbele yake. Akawasifu kwa kupigana vema, akawarudishia panga zao, akawaacha waende zao kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hivyo. Jambo hili lilisimuliwa sana Ulaya, na kweli ni jambo la adabu.

Lakini Jasin ilimfundisha neno lingine. Risasi 200,000 ziliteketea katika vita moja, naye aliona kwamba hawezi kupigana vita vingi vya namna ile. Tangu hapo alichagua kuvunja reli, kushambulia ghafula na kurudi nyuma. Mwaka 1916 jemadari Smuts alimfukuza kutoka kaskazini, na mwezi wa Julai Tanga ikachukuliwa. Mwezi wa Novemba 1917 alivuka Ruvuma, akazunguka katika nchi ya Wareno, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini.

Safari hizo zote zilichukuliwa na vichwa vya watu. Wapagazi walikamatwa vijijini na pande zote mbili. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa hukadiriwa karibu laki moja, wengi kwa ugonjwa na njaa. Chakula kilitwaliwa ghalani, na Ugogo ikapatwa na njaa kubwa iliyoua maelfu. Mpagazi hakuwa na upanga wa kurudishiwa.

Tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kukoma Ulaya, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Kwa kustahi ushujaa wao, jemadari van Deventer alikubali Wadachi wabaki na silaha zao za mwilini kwa wakati ule. Hivyo adabu ya Jasin ilimrudia mwenyewe. Askari Waafrika, zaidi ya 1,000, waliziweka bunduki chini wakapelekwa kufungiwa Tabora. Mshahara wao ulikuwa haujalipwa siku nyingi. Aliwaomba Waingereza wamkopeshe fedha awalipe, wakakataa.

Kwao Ujerumani alipokewa kwa shangwe mwaka 1919. Mwaka uliofuata aliunga mkono maasi ya Kapp juu ya serikali, akatolewa jeshini. Baadaye alikaa bungeni tangu 1928 hata 1930. Katika vita vya pili wana wake wawili waliuawa, naye akawa maskini, hata Smuts, adui wake wa zamani, alimpelekea chakula. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam, na askari wazee wakamlaki kwa furaha. Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964.

Mwaka ule bunge la Ujerumani ya Magharibi likakubali kuwalipa askari waliokuwa hai bado. Yasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa. Wasiokuwa na kitu walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kidachi wautumie kama bunduki, nao hawakuwa wamesahau. Ilikuwa imepita miaka 46.

Ndugu wasomaji, panga za Jasin zilirudishwa kwa siku moja. Deni la askari lilingoja hata nywele zao zikawa nyeupe. Na deni la wapagazi halikulipwa. Basi likifunguliwa kasha la babu, ikaonekana hati iliyokunjwa, au kifungo cha koti, au kibati chenye namba, msikitupe wala msiwauzie wapita njia. Waulizeni wazee ni cha nani, kisha liandikeni jina lake.