Leonhard Euler, kipofu aliyeipima 2,147,483,647
Mtaalamu wa hisabati Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, akafariki dunia Saint Petersburg mwaka 1783. Namba aliyoichunguza uzeeni imo leo ndani ya saa za kompyuta, za Gitega na Muyinga nazo zikiwemo.

Ni 2,147,483,647: mbili 31 huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha hutolewa moja. Mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa na akiwatamkia wasaidizi hesabu zake, Euler alithibitisha kuwa namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hakujaribu kila kigawanyo; alionyesha kwanza kwamba vinavyowezekana ni vichache, tena havizidi 46,340. Kwa zaidi ya miaka 80 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kompyuta za biti 32, zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, hukomea hapo hapo, ingawa utasa hauhusiki. Siku yenyewe ni 19 Januari 2038: Gitega na Muyinga itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, saa 12 na dakika 14. Mfumo usiorekebishwa huenda ukasoma Disemba 1901.