Bao Zheng na Mlango wa Ofisi

Twapenda kuwakumbusha wanachama habari za Bao Zheng, mtumishi wa serikali ya China, aliyezaliwa Hefei mwaka 999.

Alipotawala Duanzhou, nchi yenye sifa ya mawe ya kusagia wino, alikuta desturi mbaya. Wakubwa waliomtangulia waliwatoza watu mawe mengi kupita ushuru wa mfalme, wakayagawa kwa wenye nguvu. Bao aliagiza yachongwe ya ushuru tu. Naye alipoondoka hakuchukua hata moja.

Huko Kaifeng, mji mkuu, mwenye mashtaka hakumfikia hakimu ila kwa kupitia makarani, nao walimnyonya. Bao aliufungua mlango mkubwa, hata mnyonge akaeleza shida yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1062, akiwa ameusia kwamba mzao wake atakayekula rushwa asizikwe katika makaburi ya ukoo.

Sisi twaona kwamba mikono safi ya mkubwa ni jambo jema, lakini haitoshi. Ikiwa mlango wake una bei, mnyonge amepata faida gani? Kila mwenye ofisi na atazame mlangoni pake.